Kandambili za Mlango wa Ziwani

Samaki alikuwa mmoja tu, mkebuka wa urefu wa mkono, amelazwa kizingitini pa mlango wa ziwani, kichwa kimeelekea ndani ya nyumba. Mashavu yake bado yalikuwa yakifunguka na kujifunga. Leila alisimama na ufagio mkononi, akamtazama samaki, kisha akatazama ziwa. Ziwa lilikuwa tupu. Upepo ulikuwa ukivuma tangu juzi, na wavuvi wote wa Kalemie walikuwa wamevuta mitumbwi yao mchangani, wanalalamika na kushona nyavu.

"Asha," aliita kwa sauti ndogo. "Nani aliletaka samaki?"

Asha, binti yake wa pekee, alichungulia kutoka jikoni. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye mdomo mwepesi, aliyekwisha kukataa wachumba wawili kwa sababu hawakujua kuosha sahani.

"Samaki gani, mama? Leo sokoni samaki hakuna, hata ndakala wadogo. Niliuliza kila meza."

Mchanga mbele ya mlango ulikuwa laini, umefagiwa na upepo, bila alama ya mguu wa mtu. Mwenye akili timamu angemrudisha samaki yule majini, akasoma Bismillahi na kufunga mlango. Lakini siku ile Leila alikuwa na mgeni njiani, tena mgeni ambaye hakuthubutu kumpa sombe tupu, majani ya muhogo yasiyo na samaki. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na nyumba ile ilihitaji kupona. Akamwokota samaki, akampeleka jikoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa kando ya mji, pale barabara ya udongo inapochoka na kuwa njia ya miguu. Hamidi, mumewe Leila, aliijenga kwa mikono yake na kwa ukaidi wake, vyumba vichache vilivyopangana na baraza inayotazama maji. Mababu zake walivuka ziwa zamani na chumvi na nguo, na ile tabia ya kupokea watu wa safari haikumtoka. Alisema wasafiri watakuja Kalemie. Mji mzima ulicheka. Waje kuangalia nini, walimuuliza, reli iliyoota majani? Walio mbali wakisikia jina la Kalemie walikuwa wakisikia vita, kipindupindu na mahema ya wakimbizi kule Katanika. Hayo yalikuwa kweli, wala Hamidi hakuyakana. Alijibu tu kwamba anayesema hivyo hajaamka mapema akaona jua likitoka ndani ya ziwa, na akimaliza kujibu alirudi kupaka chokaa.

Ukoo wake ulikuwa na desturi. Aliyemo ndani, kandambili zake hukaa mlangoni zikielekea ndani. Mgeni akitaka kwenda, si yeye anayezigeuza. Mwenyeji huinama, akazigeuza zielekee nje, akamsindikiza hadi majini au barabarani, na huko ndiko anakomwambia karibu tena. Mgeni asiyesindikizwa hajaondoka, Hamidi alikuwa akisema. Mwili umekwenda lakini mguu umebaki.

Miaka kadhaa nyuma alikuja Éliane, msichana aliyetumwa na ofisi moja ya safari ya Lubumbashi aangalie kama Kalemie inafaa kuonyeshwa watu wanaopenda kutembea. Alikuja wakati mbaya. Mvua ilinyesha, umeme unaotoka bwawa la Bendera ulikatika, na ziwa lilichafuka hata mezani pakawa na sombe mchana na sombe jioni. Mgeni hakuficha uso wake. Asubuhi iliyofuata Hamidi alivua kandambili mlangoni, kwa kuwa mtu haingii mtumbwini na viatu, akamwambia mkewe: "Mugeni hawezi kuondoka bila kula samaki ya kwetu. Nakuja sasa hivi."

Hakuja. Éliane alingoja kidogo, akatazama saa, akaita pikipiki na kwenda zake uwanja wa ndege, amekasirika kwamba mwenye nyumba hakujali hata kumuaga. Kule Lubumbashi akasema Kalemie hakuna kitu. Hakuna aliyemweleza lolote, maana wakati ule watu wote wa ufuko walikuwa majini wakimtafuta Hamidi, na mtumbwi wake ulipoonekana ulikuwa umepinduka, hauna mtu.

Leila alikataa kukaa eda. Mwili haujaonekana, alisema, mtamliliaje mtu aliyesafiri? Ndugu wakasoma hitima bila yeye. Kandambili ziliendelea kukaa mlango wa ziwani, zikielekea ndani, na kila mchana alipopakua chakula Leila aliufungua ule mlango, akatazama maji na kusema, "Karibu." Hakutaja jina. Kwao mwanamke hamtaji mumewe kwa jina, na tangu harusi jina la Hamidi halikuwahi kupita mdomoni mwake. Karibu, chakula iko tayari. Kisha alikula peke yake, na waliojua walinyamaza kwa kumhurumia.

Sasa Éliane alikuwa anarudi. Alipiga simu mwenyewe, akasema anataka kuiona Kalemie upya, na ikimpendeza ataleta kundi la watu kiangazi. Isipompendeza, shemeji zake Leila walikwisha kusema, kiwanja kitauzwa na nyumba itabomolewa. Leila alilala na mawazo hayo na kuamka nayo. Neno "amekufa" hakulitamka hata moyoni, lakini alijua kwamba nyumba ikianguka, Hamidi atakuwa ametoka asubuhi ile bure.

Éliane alifika mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi, akicheka. Alikuwa amenenepa kidogo na amelainika. Alivua viatu mlango wa ziwani, Asha akavipanga vielekee ndani, kando ya zile kandambili za zamani.

"Mama Asha," alisema, akimshika Leila mikono yote miwili, "ile siku nilikuwaka mutoto. Nilisemaka mubaya juu ya kwenu. Kisha nikaenda fasi ingine, na ingine, na kila fasi nilikuwa nawaza ile maji. Nikasema hapana, nirudie. Hata muntu tunamupa nafasi ya pili. Juu ya nini tusipe muji?"

Leila alitaka kulia, akacheka. Waliketi. Éliane alikula mkebuka na bugali na pilipili, akalamba vidole bila haya, akasema samaki kama yule hajawahi kumla popote. Mama na binti hawakumgusa samaki. Samaki mmoja alikuwa mdogo mno kwa watu watatu, na mgeni ni mgeni.

"Na papa?" Éliane aliuliza akiwa ameshiba. "Ule mwenye nyumba. Ile siku hata kuniaga hakuniaga."

Asha alimtazama mama yake. Leila alikuwa akikusanya miiba kwenye sahani ya mgeni.

"Alisafiri," alisema.

Na pale pale, nje barazani, wote watatu walisikia mtu anakung'uta miguu yenye maji, kwanza mmoja kisha mwingine, kama afanyavyo mtu mwenye adabu kabla ya kuingia ndani. Asha aliinuka kwenda kutazama. Alirudi akisema hakuna mtu. Lakini alirudi haraka kuliko alivyokwenda, na mlango aliufunga kwa kitasa.

Baadaye Leila alikwenda peke yake mlangoni. Kandambili za Hamidi, zilizokauka na kupasuka kwa miaka, zilikuwa zimelowa. Mahali pa kisigino, pale uzito wa mwili ulipochimba siku zote, palisimama maji. Harufu ilimpanda puani, ya nyavu mbichi na mafuta ya injini, ile ile iliyokuwa ikiingia kitandani kwake kila jioni alipokuwa mke wa mtu. Angepaswa kuogopa. Tuseme ukweli wake: alifurahi. Alipiga magoti, akafuta maji kwa ncha ya kitenge chake polepole, na hakumwambia mtu.

Asubuhi Éliane alitoka chumbani amevimba macho. Alikunywa chai. Halafu akasogeza kiti karibu na Asha na kunong'ona, na Leila akiwa dirishani alisikia yote.

"Sikulala. Muntu alikuwa anatembea hapa barazani, miguu ya maji, pwata, pwata, pwata. Anafika kwa mulango yangu anasimama. Anasema, chakula iko tayari. Sauti ya mwanaume, ya heshima kabisa. Naomba Mungu, sikufungua. Na kitanda... dada, usione nimekuwa mutoto tena. Kitanda yote ni maji."

Hiyo ya kitanda ilikuwa kweli. Godoro lililowa kutoka juu hadi chini, na lilikuwa la sufi, zito, haliwezi kukauka kwa siku moja. Leila akatuma aitwe Mwalimu Mahmoudi.

Mwalimu Mahmoudi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, iliyomlisha, ilikuwa kushona magodoro. Ya pili, iliyomkosesha usingizi, ilikuwa kuwasomea watu waliopatwa na mambo. Leila alimwita kwa ile ya kwanza. Alikuwa mtu mfupi mwenye mafua ya kudumu na manung'uniko ya kudumu, na alifika akilalamika jua, akalalamika ngazi, akalalamika wageni wa siku hizi wanaotoa jasho kama ng'ombe. Éliane alikuwa amehamia chumba cha pili, amelala, maana usiku hakuupata. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo Kalemie yote hufunga madirisha na hata mbwa hawabweki.

Mahmoudi alilaza godoro barazani, akakata uzi kwa kisu chake kidogo, akafungua kitambaa. Manung'uniko yakakatika. Ndani ya sufi kulikuwa na mchanga mweusi wa chini kabisa ya ziwa, ule ambao nyavu huuleta zikitupwa mbali, na katikati ya mchanga ndakala watatu walikuwa wakirukaruka, wazima, wakimeta. Maji yalitoka godoroni yakashuka ngazi, yakaendelea kutoka, maji mengi kuliko yanavyoweza kukaa katika godoro.

Mahmoudi alifuta kisu kwenye kanzu.

"Mama Asha," alisema chini chini, "hii haiko kazi ya fundi wa magodoro. Hii ni ile kazi yangu ingine. Ulikaaka eda?"

"Hawakumupata," Leila alijibu.

"Sikuulize kama walimupata."

Leila aligeukia ziwa. Asha ndiye aliyemjibu. "Hakukaa, Mwalimu. Na kila siku anafungua ule mulango anasema karibu."

"Karibu nani?"

"Karibu tu," alisema Leila. "Siwezi kumutaja. Unajua vile tulilelewa."

Mahmoudi alifumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Ziwa liko na watu wake, mama. Wako na adabu kupita sisi. Hawaingie nyumba ya muntu bila kuitwa. Sasa wewe umesimama kwa mulango ya wazi, miaka yote hii, unasema karibu na haina jina. Karibu ya vile ni kama nguo umeanika kwa kamba kando ya njia. Anaokota mwenye kupita."

"Ni yeye," Leila alisema. "Ananuka kama yeye. Anakung'uta miguu kama yeye. Alileta samaki. Alisema ataleta samaki ya mugeni, na alileta."

Mahmoudi aligeuka haraka. "Samaki gani? Nani alikula?"

Ndipo walipomsikia Éliane. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtungi unaozamishwa majini, mgugumio wa hewa inayotoka na maji yanayoingia. Walikimbia wakamkuta chali kitandani, macho wazi, mikono ikipapasa hewa juu ya kichwa chake kama mtu anayetafuta uso wa maji, na kila alipofungua mdomo maji yalimwagika pembeni, maji safi ya ziwa, na kifua chake kilikuwa kikipanda lakini hakishuki. Asha alimgeuza ubavu, akampiga mgongo. Yakatoka mengine. Chumba kizima kilinuka nyavu mbichi na mafuta ya injini, na sakafuni, kutoka mlangoni hadi kando ya kitanda, kulikuwa na nyayo za maji, na mbele ya macho yao ikaongezeka moja.

"Kile kitu kimemulisha chakula ya kwao," Mahmoudi alisema. Alikuwa amenyoosha mikono mlangoni na sauti yake ya mafua ilikuwa imebadilika kabisa. "Sasa kinamupeleka. Mimi nitasoma, lakini kisomo itakizuia tu, haitakitoa. Kiliingia kwa mwenyeji, kitatoka kwa mwenyeji. Mama Asha, unisikie. Ugeuze zile kandambili. Ukisindikize mpaka majini kama mugeni yeyote. Ukifika, utaje lile jina kimejivalia, ukiage. Na usiseme karibu tena. Hata kwa adabu. Hata kikilia."

"Na kama ni yeye?"

"Wafu hawalete samaki, mama."

"Na kama ni yeye, Mwalimu?"

Mahmoudi alimtazama, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na manung'uniko usoni pake, huruma tu. "Kile kinajua yale kilisikia humu ndani. Kitakuambia maneno yote ya nyumba hii. Neno lenu la nje ya hizi kuta, hakitalijua. Kwa hiyo utajua. Nenda, mutoto wa watu anakufa."

Leila alikwenda. Mlango wa ziwani ulikuwa wazi ingawa Asha aliufunga kwa kitasa. Aliinama, na kuinama kule kulimuuma kuliko kujifungua, kwa sababu miaka yote ile mikono yake ilizifuta kandambili vumbi bila kuzisogeza hata kidogo, na sasa ilibidi izishike, izigeuze, visigino vielekee nyumba na vidole vielekee maji. Zilikuwa nzito na baridi. Alipozigeuza, harufu ilimpita begani, ikatoka.

Jua lilikuwa kali hata mchanga ulikuwa mweupe. Hakuonekana mtu. Alizibeba kandambili kifuani na kufuata, kwa sababu mbele yake, mchangani, hatua kwa hatua, nyayo zilikuwa zikijaa maji, mguu wa kushoto ukiburuza kidogo kama alivyoburuza Hamidi tangu alipoangukiwa na nanga ujanani, na sauti ilikuwa ikizungumza naye njia nzima, ya karibu, ya upole, ikimwambia mambo ya nyumba, kwamba paa la jiko linavuja na atalipanda kesho, kwamba Asha asilazimishwe kuolewa, kwamba chai ya leo iko na sukari nyingi, Mama Asha, unataka kuniua, na Leila alilia bila kufuta machozi na kila neno alijiambia ni la ndani ya kuta, hili nalo ni la ndani ya kuta, hili nalo, akishikilia kipimo cha Mahmoudi kama mtu anavyoshikilia ubavu wa mtumbwi uliopinduka, mpaka maji yakamgusa miguu na nyayo za mbele yake zikaisha, maana mbele sasa lilikuwa ziwa.

Aliweka kandambili kwenye maji ya kina kidogo, zikielekea mbali.

"Mama!" Asha alipiga kelele kutoka nyumbani. "Mama, hapumue!"

Leila alikuwa ameinamisha macho. Alifungua mdomo amalize.

"Leila," sauti ilisema.

Ndani ya nyumba hakuwahi kumwita hivyo. Ndani ya nyumba alikuwa Mama Asha, na kabla ya Asha alikuwa "mama" tu.

"Leila. Usiangalie maji. Uangalie mugongo yangu."

Siku ya harusi Hamidi alimchukua kutoka Kigoma kwa mtumbwi wa injini, yeye na mjomba mmoja ambaye sasa ni marehemu. Katikati ya ziwa, pasipoonekana milima ya huku wala ya kule, mawimbi yalipanda na Leila, msichana ambaye hajawahi kuacha nchi kavu, alianza kupiga mayowe. Hamidi alikuwa amekaa mbele yake akielekeza njia. Hakugeuka. Alisema maneno hayo, kwa sauti hiyo, na Leila aliutazama ule mgongo mpaka wakafika. Hakuwahi kumsimulia mtu. Yeye na mumewe hawakuwahi kuyarudia. Yalikuwa yake, ya kuweka.

Aliinua macho.

Mgongo ulikuwa pale, majini hadi magotini, hatua chache tu mbele. Shati lilikuwa lile la asubuhi ile, la kijani, limeshonwa begani kwa uzi mweusi kwa sababu siku ile wa kijani alikosa. Aliuona uzi wake mwenyewe. Angenyoosha mkono angeugusa.

Roho yake yote ilisema karibu. Ilijaa kinywani, ikabaki kutolewa tu. Alikuwa amelisema kila mchana kwa mlango mtupu, na sasa aliyeambiwa alikuwa amesimama, anangoja kuambiwa, na nyuma yake mtoto wa watu alikuwa anazama juu ya kitanda kikavu, mtoto wa mama mwingine, ambaye Hamidi alitoka asubuhi ile kwa ajili ya heshima yake.

"Safari njema," Leila alisema. Kisha akalitaja, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na lilimtoka kwa shida kama neno la lugha ngeni. "Hamidi."

Mabega yale yalishtuka. Mtu yeyote hushtuka akiitwa hivyo na asiyewahi kumwita. Halafu mgongo ulianza kwenda. Maji yalifika kiunoni, yakafika kwenye ule uzi mweusi, yakafika shingoni. Hakugeuka. Wimbi dogo likaja likazichukua kandambili, na ziwa likatulia likawa ziwa.

Nyumbani Éliane alitapika maji hadi sakafu ikajaa, akavuta pumzi, akalia kwa sauti kama mtoto mchanga. Asha akalia naye.

Jioni ile Leila alimweleza mgeni ukweli. Alimweleza wote, kuanzia sombe mpaka mtumbwi uliopinduka. Éliane alisikiliza amejifunika blanketi, na mwisho aliuliza swali moja tu.

"Alikufa juu ya kunitafutia samaki?"

"Alikufa juu ya nyumba yake," Leila alimjibu. "Na wewe ulikuwa mugeni wake. Sasa nimesema alikufa. Umesikia? Nimesema."

Éliane alishuka chini akapiga magoti mbele yake, na walishikana hivyo muda mrefu. Leila alidhani mgeni ataondoka asubuhi asirudi tena, na hangemlaumu. Éliane alikaa hadi siku zake zikaisha. Aliamka mapema, akaona jua likitoka ndani ya ziwa, akalipiga picha, akafuta picha, akasema simu haiwezi.

Mahmoudi aliporudi kushona godoro jipya, Leila alimwambia lile neno la mgongo. Fundi aliacha sindano.

"Alisema wapi hayo maneno, siku ile ya kwanza?"

"Katikati ya ziwa."

Mahmoudi alishusha pumzi. "Basi maji yalisikia, mama. Ni maji iliweka. Hakuwa yeye." Alirudi kwenye kazi yake na kushona haraka haraka, na mpaka alipoondoka hakumtazama Leila usoni.

Leila alikaa eda yake, kwa kuchelewa, katika chumba cha mwisho, na watu wa mji walikuja kumpa pole kana kwamba Hamidi alikufa jana. Kiangazi Éliane alileta watu wake. Walikwenda kuona mto Lukuga unavyotoka ziwani, walipanda hadi Kirungu, kwenye milima ya baridi, wakarudi na mafua na furaha, walikula mikebuka. Wengine wakaja baada yao. Shemeji hawakuuza kitu. Wageni wakisifu nyumba ile husema kila kitu kizuri, ila mwenyeji ni mama mkimya: anakugeuzia viatu, anakusindikiza, anakuambia safari njema, na hakukaribishi tena. Karibu tena husemwa na Asha, na husemwa upande wa barabarani.

Kandambili moja ilirudi. Wimbi liliileta baada ya eda, ile ya kushoto, iliyolika upande mmoja. Leila angeweza kuichoma. Aliiweka mahali pake, mlango wa ziwani, kidole kikielekea maji.

Kila mchana, saa ile mji unapofunga madirisha, huikuta imelowa na imeelekea ndani. Hupiga magoti, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaigeuza tena ielekee ziwani. Hukaa hapo kidogo, kiganja kimeziba mdomo wake kwa nguvu, lile neno lisitoke. Halafu huinuka na kwenda kuwapakulia wageni.